TDR ikisema hapana: protini moja, mbu mmoja, na swali la Bukavu

Katika kituo kimoja cha afya huku Kadutu, mtaa wa Bukavu, muuguzi alimdunga mtoto kidoleni, akadondosha tone la damu kwenye TDR, kipimo cha haraka cha malaria, akaongeza maji yake, akaweka simu mezani ahesabu dakika. Zilipotimia 20 ulikuwa umetokea mstari mmoja tu, ule wa C unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi; wa pili, wa malaria, haukutokea. “Mama, malaria haiko.” Mama akamfunika mtoto kwa kitenge: “Sasa hii homa inatoka wapi?” Muuguzi alikosa jibu, ila kosa halikuwa lake.

TDR nyingi tunazotumia Kongo zinatafuta protini moja, HRP2, ya kimelea Plasmodium falciparum. Wapo vimelea waliopoteza jeni ya protini hiyo, na hao TDR haiwaoni vizuri. Ndipo ubishi ulipozaliwa: wengine wanataka tuhamie vipimo vya protini nyingine, pLDH, wengine wanaona ni kutupa mbachao kwa msala upitao.

Tuanze na jinsi HRP2 inavyofika kwenye damu. Kimelea hukaa ndani ya seli nyekundu, kimejifungia katika kifuko. Protini zake nyingi zinazotakiwa kutoka nje ya kifuko hubeba alama fupi ya asidi-amino tano, iliyotambuliwa mwaka 2004. Alama hukatwa, protini ikavushwa kwenye mlango wa kifuko na kuingia katika seli ya mtu. Seli inapopasuka, HRP2 humwagika kwa wingi, ndiyo maana kipimo hunasa hata maambukizi madogo. Ndiyo maana pia mtoto aliyekwisha kupona anaweza kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya dawa.

Lakini kimelea kinaweza kuishi bila HRP2. Hilo lilionekana kwa wagonjwa wa Peru mwaka 2010, na Eritrea ililazimika kubadili vipimo mwaka 2016. Mgonjwa anaambiwa hana malaria, anarudi nyumbani bila dawa, mbu wanamnyonya, na kimelea kilichojificha kinapata njia ambayo wenzake wamezibiwa.

Hapa kwetu takwimu zilitisha kwanza, zikatuliza baadaye. Utafiti wa damu ya watoto iliyokusanywa nchini kote 2013 na 2014 ulikadiria vimelea wasio na jeni hiyo kuwa asilimia 6.4. Mwaka 2017 wakapimwa wagonjwa zaidi ya 3,600, wakiwemo wa Sud-Kivu, mkoa wetu. Sampuli 8 zilishukiwa, lakini zilipochunguzwa kwa undani jeni ilikutwa imo. Shirika la Afya Duniani linashauri kubadili kipimo pale upotevu wa jeni unapowanyima jibu sahihi zaidi ya wagonjwa 5 kwa 100 wenye malaria. Hatujafika huko.

Wanaotaka tutulie wana hoja nyingine, na ndiyo iliyonivuta kuandika. Ndani ya mtu kimelea huwa na seti moja ya kromosomu 14, nyuzi zinazobeba jeni. Kwenye tumbo la mbu, dume na jike huungana, kisha hufuata meiosisi: kromosomu hukatwa, hubadilishana vipande, hugawanywa upya. Jeni ya HRP2 iko kwenye kromosomu ya 8. Ndugu yake HRP3, ambaye TDR inaweza kumtambua pia, yuko kwenye kromosomu ya 13. Ili kimelea kijifiche vizuri sharti kipoteze zote mbili. Penye malaria nyingi, mtu mmoja hubeba aina kadhaa za vimelea. Katika mbu zinachanganyika, na mapengo mawili, yaani jeni mbili zilizopotea, yaliyokuwa pamoja yanatenganishwa. Penye malaria kidogo, kimelea hukutana na ndugu yake wa damu, na mapengo yanabaki pamoja.

Hoja hiyo ni nzuri, lakini naiona nusu. Meiosisi inayotenganisha ndiyo inayounganisha. Maabara ilishazalisha pamoja Dd2, aina yenye asili ya Indochina isiyo na HRP2, na HB3 ya Honduras isiyo na HRP3. Wazazi wote wawili walikuwa na pengo moja tu, lakini kati ya watoto wao wapo waliokosa jeni zote mbili. Kwa hesabu ya kromosomu mbili tofauti, hiyo ni robo ya uzao. Tena kadiri tunavyofaulu kupunguza malaria kwa vyandarua na dawa, ndivyo kinga ya mchanganyiko inavyopungua.

Je, tukimbilie pLDH? Hicho ni kimeng'enya cha nishati, kimelea hakiwezi kukiacha, na hutoweka mapema mgonjwa akipona. Ila vipimo vyake kwa kawaida hupitwa na maambukizi madogo, na vingi havivumilii joto kama vile vya HRP2. Kubadili leo Bukavu ni kuwakosa watoto wengi kwa ajili ya kumnasa mmoja ambaye bado hatujamwona.

Basi nasimama na TDR ya sasa, kwa sharti ambalo sitalilegeza: homa isiyo na maelezo na TDR hasi iende kwenye darubini, ile tunayoita GE (goutte épaisse, tone nene la damu), na tone moja likaushwe kwenye karatasi ya chujio, liandikwe tarehe, lipelekwe kupimwa jeni. Yule mtoto wa Kadutu alikuwa ameshadungwa. Tone la pili lilikuwa linachuruzika kidoleni, muuguzi akalifuta kwa pamba.