Bunduki ya Njaa na Debe la Unga

Kila baridi inapoanza kuuma Minnesota, kuna mzee kazini kwetu huniuliza swali moja. Yeye ndiye hutengeneza mabomba na mitambo ya joto katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya zamu ya usiku. Nilimbandika jina Fundi, na sasa hata Wamarekani wenzake wanamwita hivyo. "Maduka yakifungwa kesho," anasema, "utaingia msituni kutafuta chakula na bunduki gani?"

Mwaka wa kwanza nilidhani ni utani. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Umoja, Nairobi. Bunduki nilizokua nikiziona ni ya askari wa benki na ya polisi, na zote mbili ukiziona unavuka barabara. Kule nilikohamia hilo ni jambo la mezani kabisa, watu hulijadili kama sisi tunavyojadili ploti za kuuza kule Kitengela, nje ya Nairobi.

Sasa niko nyumbani likizo, ghorofa ya nne kwa dada yangu, na swali la Fundi limenifuata hadi hapa. Acha nilijibu, maana mzee yule ana akili kuliko nilivyomdhania, ila si yote anayoyasema yanaweza kupanda ndege kuja Nairobi.

Fundi huwacheka wanaokimbilia bunduki kubwa. Kwake bunduki ya njaa ni ile ndogo, ya .22, yaani ya risasi nyembamba. Siku moja aliniwekea boksi la risasi 500 za .22 kwenye mkono wa kushoto, kisha wa kulia akanijazia risasi za bunduki ya marisawa, ile inayotawanya vipira vidogo, zile nene za geji 12, mpaka mikono yote ikahisi uzito sawa. Za kulia hazikufika arobaini. Na zile 500 zote, nakuambia, ni nyepesi kuliko pakiti ya unga ya kilo mbili. Ukiwa unatembea kwa miguu kila risasi unaibeba mwenyewe, na ya .22 inamwangusha kindi au sungura bila kuharibu nyama.

Wenzake humpinga. Wanasema ukiruhusiwa bunduki moja tu, chukua ya marisawa: leo unampiga bata akiruka, kesho unatia risasi ya donge moja unamwangusha kulungu. Ni kweli. Fundi huwajibu kwa kunyanyua mkono wa kulia, kama umelemewa na zile risasi nene.

Kuna pia bunduki zilizobuniwa kwa ajili ya marubani wa kivita walioanguka porini. Moja, M6, ilikuwa na mitutu miwili, wa juu wa .22 Hornet, .22 yenye nguvu zaidi, na wa chini wa .410, marisawa nyembamba. Baadaye kampuni ya ArmaLite ikatoa AR-7 ya kuuzia raia, ambayo mtutu na mitambo yake hufunguliwa na kuingia ndani ya kitako, na ikidondoka majini inaelea. Mimi niliipenda mara moja, kwa sababu inaingia kwenye begi la mtoto wa shule. Fundi alisema kuelea si kulenga.

Lakini kilichonishangaza ni kwamba mwindaji huyu hategemei bunduki. Ndani ya begi lake la dharura kuna waya wa kutegea tanzi, mshipi, ndoano na mkebe wa mafuta ya kupikia. Tanzi na ndoano hufanya kazi wewe ukiwa umelala; bunduki inataka macho, miguu na subira. Na mafuta ni kwa sababu nyama ya sungura haina mafuta: ukiila peke yake wiki baada ya wiki, tumbo linajaa huku mwili unakwisha. Hilo sikuwahi kulisikia maishani, na nimekula sungura.

Halafu kuna baridi yenyewe. Msimu wa kulungu ukifunguliwa Novemba, Fundi huenda na kibali chake, amevaa koti la rangi ya machungwa linaloonekana kutoka mbali kabisa, akirudi anamtundika mnyama gereji siku kadhaa na hakuna kinachooza. Mlango wa gereji ndio friji. Jaribu hilo Umoja. Nyama ya asubuhi bila umeme, kufikia jioni inajitambulisha yenyewe kwenye korido.

Nilipomwonyesha dada video ya ile AR-7 alicheka mpaka akakaa. "Utampiga nani na hiyo? Korongo wa Mombasa Road?"

Swali zuri. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 hata ukiwinda kwa ajili ya sufuria yako mwenyewe ni kosa. Tuseme sheria imelala siku hiyo. Mbuga yetu ya Nairobi, ya tangu 1946, ina kilomita za mraba 117, na sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 4.4 mjini hapa. Ngiri wote wangekwisha kabla ya chai ya saa nne. Minnesota nzima ina watu milioni 5.7 kwenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 220,000. Sisi tumebanana kwenye 696. Hesabu ya Fundi inatoka kwenye nafasi ile. Hata kwake nina shaka: siku moja nilimuuliza, wakiingia wote msituni asubuhi moja itakuwaje? Akaniuliza kama kahawa imebaki.

Dharura yetu naijua. Mwanzoni mwa Januari 2008, baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, barabara zilifungwa na maduka ya mtaa wetu yakashusha mabati. Nilikuwa na mshahara wa Desemba mfukoni, karibu wote. Nyumbani palikuwa na nusu pakiti ya unga, chumvi na majani ya chai. Wakamba wana njaa moja ya miaka ya themanini waliyoiita Nikw'a ngwete, yaani nakufa nikiwa nazo mkononi, na mama alikuwa akilitaja jina hilo tukidhani ni hadithi za wazee. Siku ya tatu nilizielewa zile noti.

Tuliokolewa na jirani wa chini, Mama Kevo, aliyekuwa amerudi kutoka ushago baada ya Krismasi na gunia la mahindi na maharagwe. Gesi ilikuwa imeisha kwa kila mtu. Aliwasha jiko la makaa pale chini ya ngazi, akaita watoto wa ploti wote waje na sahani. Githeri ile haikuwa na kitunguu. Mpaka leo sijala chakula kikanitoa jasho la shukrani namna hiyo.

Hapa ndipo tunapoachana na Fundi. Jirani yake hajui kilichomo kwenye chumba chake cha chini ya ardhi, na ndivyo anavyotaka. Kwenye ploti ukikaanga kitunguu saa mbili usiku, ghorofa nzima inajua. Hata ukitaka kuficha chakula huwezi, basi afadhali ukiweke ukijua kuna wa kugawana naye.

Lakini sitaki tumcheke mzee wa watu halafu tulale. Nairobi tunajisifia ujirani huku tukinunua unga wa kadogo na gesi ya kilo 6, na maji yanapandishwa kwenye tangi kwa pampu ya umeme. Umeme ulipopotea nchi nzima Agosti 2023, dada aliniambia bomba lake lilikauka usiku uleule. Mama Kevo wa leo naye ananunua mahindi dukani kama sisi. Kindi mmoja wa kijivu, ukishamchuna, hakupi hata robo kilo ya nyama. Pakiti ya unga ya kilo mbili ina kalori zaidi ya 7,000, mtu mzima anasukuma nayo siku tatu. Hesabu za Fundi zinanifaa, bunduki abaki nayo.

Basi wiki iliyopita nilinunua pipa la plastiki lenye kifuniko. Tuliingiza pakiti kumi za unga, maharagwe kilo tano, mafuta lita tatu, chumvi, viberiti na mitungi miwili ya maji kando yake. Makaa tumeyafunga kwenye gunia kule kibarazani, pamoja na jiko. Nilipiga picha nikamtumia Fundi. Akajibu kwa neno moja: "Bunduki?" Nikamtumia picha ya rungu la askari wa geti.

Kufikia Jumapili pipa lilikuwa na pakiti nane. Wageni walikuja bila kupiga simu, na duka la chini lilikuwa limefungwa. Dada alisema hiyo pia ni dharura.