Kabila, Jinsia na Mashine: Tufiche au Tuhesabu?

Anayetaka kuondoa upendeleo katika ugawaji wa kazi, mikopo au matibabu hukutana mapema na swali ambalo wenye nia njema hawajawahi kukubaliana juu yake. Je, kabila, jinsia na rangi ya mtu vifichwe, ili asipatikane wa kuvitumia vibaya, au viandikwe na kuhesabiwa, ili ijulikane ni nani hasa wanaoachwa nje? Swali hili ni la zamani kuliko kompyuta, lakini tangu mashine zianze kuchambua maombi ya kazi na kupanga foleni za wagonjwa limekuwa zito zaidi, kwa sababu sasa kosa la ofisi moja huweza kurudiwa kwa mamilioni ya watu bila mtu yeyote kukunja uso.

Hoja ya kuficha ina nguvu, na ushahidi wake haupuuziki. Mwaka 2004, wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Boston na Chicago. Walituma takriban wasifu 5,000 wa kubuni kwa waajiri waliotangaza nafasi, baadhi ukiwa na majina kama Emily na Greg, mwingine Lakisha na Jamal, huku sifa zikiwa zinalingana. Wenye majina ya Kizungu walihitaji kutuma wasifu kama 10 ili wapigiwe simu mara moja. Wenye majina ya Wamarekani Weusi walihitaji kama 15. Msomaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwani Otieno, Chebet, Mutua na Wanjiku ni majina ambayo kila mmoja wao hutaja nyumbani kwao kabla mwenyewe hajafungua kinywa, na yule mchaguzi anayenong'ona kwamba "huyu ni mwenzetu" hajihesabu kuwa mbaguzi hata kidogo. Nyani haoni kundule. Ndiyo maana wengi wameishiwa imani na semina za kuwafundisha watu kutambua upendeleo wao wa ndani. Serikali ya Uingereza iliamua mwaka 2020 kuyaacha mafunzo hayo kwa watumishi wake, ikisema hakuna ushahidi kwamba yanabadilisha mwenendo wa watu kwa kudumu. Kuficha jina hakungoji moyo wa mtu ubadilike. Kunabadilisha utaratibu tu, na hilo ni jambo ambalo ofisi yoyote inaweza kulifanya kesho asubuhi.

Tatizo ni kwamba jina si alama pekee. Chukua wasifu wa mwombaji wa Kenya uliofutwa jina: shule ya msingi Siaya, sekondari Homa Bay, mweka hazina wa kikundi cha vijana cha Bondo. Nani hajajua kwamba huyu ni Mjaluo? Mashine nayo husoma alama hizo, tena kwa makini kuliko karani. Mwaka 2018, shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon iliachana na programu ya kupanga waombaji kazi iliyokuwa imefunzwa kwa wasifu uliopokelewa katika kipindi cha miaka 10, mwingi wake ukiwa wa wanaume. Programu ilijifunza kushusha alama za wasifu uliotaja, kwa mfano, uongozi wa klabu ya wanawake ya mchezo wa sataranji, na za wahitimu wa vyuo viwili vya wanawake. Wahandisi waliyasahihisha maneno hayo, lakini hapakuwa na uhakika kwamba isingebuni njia nyingine ya kufika palepale.

Wakati mwingine kuficha hudhuru hata yule aliyekusudiwa kulindwa. Nchini Ufaransa, karibu na mwaka 2010, takriban kampuni 1,000 zilialikwa kushiriki katika jaribio la kupokea wasifu usio na jina. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliwashangaza walioliunga mkono: pengo kati ya waombaji wenye asili ya uhamiaji na wengine katika kuitwa kwenye usaili liliongezeka. Waliokubali kushiriki walikuwa, kwa sehemu kubwa, waajiri ambao tayari waliwafikiria waombaji hao kwa jicho la huruma, na huenda walipoona mwaka mzima bila kazi kwenye wasifu wa kijana wa mtaa maskini walielewa chanzo chake. Jina na mtaa vilipoondolewa, kilichobaki machoni mwao ni pengo la mwaka mzima tu. Ni haki kusema kwamba kampuni zenye ubaguzi mkali huenda hazikuwamo katika jaribio hilo, kwa hiyo halivunji hoja ya kuficha; linaonyesha tu kwamba dawa hiyo haifai kila mgonjwa.

Mfano unaonishawishi zaidi, hata hivyo, unatoka hospitalini. Mwaka 2019, Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa programu iliyotumiwa sana Marekani kuchagua wagonjwa wanaostahili huduma ya ziada kwa sababu maradhi yao ni mengi na magumu. Programu haikupewa taarifa ya rangi ya mgonjwa. Kwa mtazamo wa wanaotetea kuficha, ilikuwa safi. Lakini ilikuwa imeagizwa kukadiria gharama ya matibabu ya mtu katika siku zijazo, na gharama ikachukuliwa kuwa ndiyo kipimo cha ugonjwa. Sasa, kwa kuwa mgonjwa Mweusi wa Marekani hukutana na vikwazo vingi zaidi kabla ya kufika kwa daktari, fedha zinazotumika kwake ni pungufu hata anapokuwa na maradhi yaleyale. Mashine ikamwona mzima kuliko alivyo. Watafiti walikuta kwamba kati ya wagonjwa waliopewa alama sawa, Weusi walikuwa wagonjwa zaidi, na kwamba kuondoa tofauti hiyo kungepandisha sehemu yao miongoni mwa wanaopewa huduma ya ziada kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Haya yalijulikana kwa sababu moja: rekodi za hospitali zilikuwa zimehifadhi rangi ya kila mgonjwa. Zisingeihifadhi, dhuluma ingeendelea, na kila mtu angeapa kwamba mashine haijui rangi ya mtu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru mwaka 2018, walipopima programu za kutambua jinsia ya mtu kwa picha ya uso wake. Walikusanya picha 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Ufini, Aislandi na Uswidi, kisha wakazigawa kwa jinsia na weusi wa ngozi. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Wastani uliochanganya watu wote ulikuwa umeficha hayo yote.

Kwa hiyo tuhesabu? Hapa ndipo Afrika Mashariki ina la kusema kuliko Marekani. Nchini Rwanda, vitambulisho vilivyoandikwa kabila, ambavyo Wabelgiji walivianzisha katika miaka ya 1930, viliamua nani afe kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994, na serikali iliyofuata ikaliondoa kabila kwenye vitambulisho. Asiyeelewa kwa nini Mnyarwanda anaiogopa safu hiyo ya fomu hajaufikiria uzito wa jambo hili. Tanzania nayo haijauliza kabila katika sensa yake yoyote tangu ile ya 1967, na wengi wanaamini, nami nakubaliana nao kwa kiasi, kwamba ukimya huo umesaidia kujenga utaifa. Gharama yake ni kwamba malalamiko kuhusu upendeleo wa kikanda hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa takwimu. Burundi ilichukua njia ya kinyume, ikiweka katika katiba asilimia 60 ya Wahutu na 40 ya Watutsi serikalini na bungeni, ingawa Katiba ya 2018 iliipa Seneti miaka mitano ya kutathmini kama mgao huo uendelee.

Kenya, iliyotoka kwenye ghasia za uchaguzi wa 2007, ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008, ambayo inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Wapinzani wake wana hoja: kijana mwenye sifa bora anaweza kuambiwa kwamba watu wa kwao wametosha, jambo ambalo yeye hakulitenda wala hawezi kulirekebisha. Mimi naiona kasoro nyingine. Taasisi inaweza kuitimiza theluthi yake kwa madereva, walinzi na wafagizi wa kila jamii, huku ghorofa ya juu ikizungumza lugha moja ya mama. Hesabu isiyotenganisha ngazi za kazi inadanganya kama ule wastani wa picha za wabunge.

Kwangu mimi, ubishi huu unaendelea kwa sababu pande zote mbili humchukulia mchaguzi na mkaguzi kuwa mtu mmoja. Anayechagua wa kuitwa usaili hana haja ya kujua kabila la mtu. Anayekagua miezi sita baadaye hawezi kufanya kazi bila kulijua. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba ya 2024 imekaribia mpango huo: inawaruhusu watengenezaji wa mifumo yenye hatari kubwa kutumia taarifa nyeti pale inapobidi kabisa ili kugundua na kurekebisha upendeleo, kwa sharti kwamba matumizi yake yabanwe na taarifa zifutwe kazi inapokwisha. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaliweka kabila katika kundi la taarifa nyeti, na hilo ni sawa, na inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake. Lakini kampuni inayokopesha kwa simu, ikiulizwa kama programu yake inawanyima watu wa kaunti fulani, inaweza kujibu kwa unyofu kabisa kwamba haijui kwa sababu haikusanyi taarifa hizo. Jibu hilo lisikubaliwe kuwa ni utetezi. Takwimu za kaunti ya mkopaji zinaweza kuwekwa kwa mkaguzi wa nje asiyelipwa na kampuni, zikiwa zimetenganishwa na jina na namba ya simu, na swali gumu linalobaki ni nani atamlipa mkaguzi huyo.