Marehemu Aomba Hoja ya Utaratibu

Mjumbe wa sendika, yaani chama cha kutetea walimu, haingii kongresi, mkutano wake mkuu, kwa sura yake, hata kama nusu ya ukumbi alisoma nao. Anaingia kwa karatasi tatu: barua ya uteuzi yenye sahihi za katibu na mwenyekiti wa tawi, muhtasari wa kikao kilichomchagua, na risiti ya michango kuonyesha kwamba tawi halidaiwi. Mhuri ukae juu ya sahihi. Ukikaa pembeni, kamati ya mandati, inayokagua karatasi za wajumbe, inairudisha barua, maana mhuri wa pembeni unaweza kugongwa Jumatatu na jina likaandikwa Ijumaa. Karatasi zangu zote tatu zilikuwa safi. Ndiyo sababu kifo changu kilishangaza watu.

Ilikuwa Agosti, likizo kubwa, Lubumbashi imejaa vumbi jekundu na asubuhi bado ina ubaridi wake. Walioitwa tulikuwa wajumbe 96 kutoka jimbo letu la Haut-Katanga, Kongo: Likasi, Kipushi, Kasumbalesa, Sakania, na sisi wa mjini. Ukumbi ulikuwa wa shule moja ya komini ya Kenya, sehemu ya mji wetu na si ile nchi, viti vya plastiki, na jenereta nje ikikohoa chini ya mwembe. Baada ya wimbo wa taifa, mwenyekiti wa kikao akatuomba tubaki tumesimama tuwakumbuke walimu waliofariki tangu kongresi iliyopita. Akaanza kusoma polepole, kila jina na mahali pake, ukumbi ukiguna. Likaja langu. Jina, jina la pili, Katuba.

Nilikuwa nimesimama wima, kichwa chini, mikono mgongoni.

Jirani yangu wa kulia, mwalimu wa Ruashi, akaninong'oneza bila kuinua macho: "Yaya, kaka yangu, pole sana."

"Ahsante," nikajibu. Ungejibu nini?

Chanzo chake hakikuwa uchawi, ilikuwa safu ya jedwali. Mwalimu wa kwetu ana majina matatu: jina, jina la pili, na la ubatizo. Orodha ya kongresi ilinakiliwa kutoka listi ya malipo, na kwenye listi hiyo nafasi ya majina ni fupi, kwa hiyo la tatu linakatwa. Nilikuwa na wajina, naye alifundisha Katuba zamani kabla ya kuhamia Kampemba. Alifariki mwezi wa tano, Mungu amlaze pema. Kinachowatofautisha watu wa namna hiyo ni nambari ya matrikile, ile ya utumishi, lakini aliyepiga taipu aliiondoa safu hiyo ili jedwali litoshe kwenye A4 iliyosimama. Nawaambia makatibu wote wa matawi: ilazeni karatasi. A4 iliyolazwa inabeba safu sita bila shida, na hakuna mtu anayekufa.

Nikainua kadi yangu ya kura wakati wa dakika ya kimya. Mwenyekiti akanikazia macho juu ya miwani.

"Kamaradi, tuwaheshimu marehemu."

"Marehemu mmoja ni mimi, mwenyekiti."

Sasa hapa ndipo inafaa kujua kanuni. Hoja ya utaratibu inamkata msemaji yeyote, hata mgeni rasmi. Kimya, lakini, si msemaji, hivyo hakuna wa kukatwa. Nikangoja watu waketi, nikainua tena. Mwenyekiti akasema vizuri tu kwamba hoja ya utaratibu lazima itaje kifungu kilichovunjwa. Nikafungua kile kijitabu cha kanuni. Kinataja ada, umri wa uanachama, nidhamu, muda wa kusema usiozidi dakika 3, na jinsi ya kuvaa kitambulisho. Hakuna kifungu kinachosema mjumbe awe hai.

"Basi hiyo ni taarifa," akaamua. "Taarifa zinapokelewa kwenye mengineyo."

Mengineyo ni kipengele cha mwisho cha siku ya mwisho, saa ambayo watu wameshashika mifuko yao na wanaangalia mlango.

Kabla sijakaa vizuri, kikapu cha matanga kikaanza kuzunguka. Kutokutoa ni aibu, na kutoa nako kulikuwa na maneno yake. Nikaweka franka 2,000. Mama aliyekibeba akanitazama kwa huruma.

"Papa, wewe ni wa familia?"

"Wa karibu sana, mama."

Saa ya chakula ilikuwa na ukali wake. Mtunza fedha alikuwa na orodha mbili mezani, ya posho na ya tikiti za chakula, zote zimetoka kwenye faili moja, na jina langu kwenye zote limepigwa mstari kwa rula. Mwanamke makini, simlaumu. Alinieleza kwa utulivu kwamba sahihi ya marehemu kwenye orodha ya posho ndicho kitu cha kwanza ambacho mkaguzi wa hesabu hutafuta. Alisema kweli, wizi mwingi wa mashirika unaanza na watu wasiokuwepo wanaopokea pesa. Jirani wa Ruashi akanimegea bukari yake, ugali wetu, na nusu ya samaki, sombe, yaani kisamvu, akabaki nayo yeye.

Mchana ukaja mjadala mzito: kupandisha mchango wa mwanachama kutoka asilimia 1 hadi 2 ya mshahara. Waliotaka upande walisema faili za walimu zinafuatiliwa Kinshasa, na nauli ya kwenda Kinshasa hailipwi kwa nyimbo. Wakakumbusha makubaliano ya Mbudi ya 2004, ya serikali na sendika kuhusu mishahara, kwamba ahadi iliyoandikwa bila mtu wa kuifuatilia inabaki karatasi. Wakasema pia kwamba tangu elimu ya msingi bure ya 2019, ile prime ya wazazi, pesa walizokuwa wakimwongezea mwalimu, imeondoka, mwalimu anategemea serikali peke yake, na asiye na sendika yenye nguvu ataisha. Upande wa pili ukasimama na swali moja tu: wale wenzetu wanaoshika chaki kila siku na hawajaingizwa kwenye listi ya malipo, asilimia 2 ya hewa ni ngapi? Ukumbi ukapasuka kwa makofi. Mimi nilipiga makofi pia, ingawa kisheria haikuwezekana.

Kiongozi wa hao wapinzani alikuwa mjanja. Aliona watu wa Sakania wametoka kuwahi basi, akaomba akidi ihesabiwe. Kanuni yetu inataka theluthi mbili ya walioitwa: kati ya 96, ni 64. Wakahesabu safu kwa safu, kila mjumbe akitaja nambari yake kwa sauti. Walipofika kwangu wakaniruka. Jumla: 63.

Hapo ghafla nikawa mtu muhimu. Waliotaka mchango upande, ambao asubuhi walikuwa wamecheka kuliko wote, wakaanza kupaza sauti kwamba ni dhuluma mwalimu hai kuhesabiwa marehemu. Wapinzani, ambao nilikuwa nimewapigia makofi, wakasema kwa masikitiko makubwa kwamba orodha iliyopitishwa asubuhi ni orodha iliyopitishwa. Na mwenyekiti akaona kisichoonekana: bila akidi kikao hakiwezi kupiga kura ya kunitambua, na bila kunitambua hakuna akidi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa Likasi aliyetumikia sendika tangu enzi za Zaire. Alisimama na fimbo yake, akasema kikao kisicho na akidi hakijafungwa mikono kabisa. Hakiwezi kupitisha azimio wala kuchagua mtu, lakini kinaweza kupumzika, kuahirisha, na kuchukua hatua ya kutafuta akidi. Kusahihisha orodha ni kutafuta akidi. Ikubaliwe, ipigiwe kura. Ukitaka kujua thamani ya wazee kwenye kongresi, ni hiyo: wanajua kikao kinaweza kufanya nini wakati vijana wote wanajua kisichoweza.

Ushahidi ukaombwa. Nikatoa kadi ya mpiga kura, ambayo picha yake ilikuwa imefutika hadi kubaki kivuli cheupe, na kwa kweli iliunga mkono upande wa marehemu. Kilichonisaidia ni hati ya malipo yenye matrikile. Mwenyekiti wa kamati ya mandati akalinganisha tarakimu moja moja na listi kamili kwenye kompyuta, akatikisa kichwa, akasema inalingana.

Kura ya kadi. Nisahihishwe kuwa hai: 41 ndiyo, 9 hapana, 13 hawakuegemea upande.

Kati ya wale tisa alikuwemo jirani yangu wa Ruashi, midomo bado ina mafuta ya samaki wetu. "Yaya, usinielewe vibaya," akasema. "Mimi sina neno na wewe. Ni utaratibu."

Tukawa 64, kura ya mchango ikapigwa. Kwetu wingi unahesabiwa kwa kura zilizopigwa, wasioegemea upande hawaingii hesabuni. Kwingine wanahesabu waliohudhuria wote, na hapo kukaa kimya ni sawa na kukataa, kwa hiyo soma kanuni kabla ya kushusha kadi. Wahesabu wawili, mmoja wa kila upande, wakapita mara mbili. Ndiyo 30. Hapana 30. Wanne wakatazama dari. Kura zikilingana, hoja imeanguka, na kadi ya thelathini ya hapana ilikuwa mkononi mwangu, juu, ikionekana vizuri.

Mtoa hoja akageuka na mwili mzima.

"Mwalimu! Tumekufufua ili utuzike?"

"Taja kifungu," akasema mzee wa Likasi.

Jioni nikarudi kwa mtunza fedha. Alikuwa ameshafuta ule mstari kwa wino mweupe, akaandika pembeni tarehe, saa, na matokeo ya kura, akanipa kalamu. Posho ya franka 20,000. Akahesabu 18,000.

"Na hizi 2,000, mama?"

"Mchango wa matanga. Unakatwa kwa kila mjumbe."

"Nilishatoa kwenye kikapu asubuhi."

"Kikapu ni hiari, papa. Huu ni wa lazima kwa walio hai."