Namba ya Katalogi au Mikromita? Spea za Injini ya Land Rover ya Zamani

Ukitaka kuwagombanisha watu wanaofufua Land Rover za zamani, waulize spea sahihi ni ipi. Kambi moja itasema ni ile yenye namba iliyo kwenye katalogi ya kiwanda cha Land Rover cha Solihull, Uingereza, kwa gari la mwaka huo. Nyingine itacheka: sahihi ni ile inayoingia, gari likawaka. Kila kambi ina hoja, na kila kambi imeshawapotezea watu hela.

Chukua injini ya petroli ya cc 2286, lita mbili na robo. Ilikuja na Series II mwaka 1958 ikadumu hadi Series III zilipokoma 1985. Kwa nje, ya mwanzo na ya mwisho zinafanana kiasi cha kumchanganya hata muuzaji. Ndani ni habari nyingine. Hadi 1980 krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ilishikwa na beringi kuu tatu. Baada ya hapo zikawa tano, na krenki ya beringi tano haikai kwenye bloku ya beringi tatu. Tena kuna ndugu yake wa dizeli, ambaye tangu 1961 ana kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni uleule: milimita 90.47 kwa 88.9. Hata hizo za petroli zenyewe zilitoka kwa mgandamizo wa aina mbili, 7:1 kwa nchi zenye petroli hafifu na 8:1 kwa kwingine. Kwa hiyo ukifika kwenye maduka ya spea ya Shaurimoyo au Grogan ukaomba "pistoni za Land Rover 2286", muuzaji atakupa alichonacho, na hatakuwa amekudanganya.

Hapo watu wa namba wanashinda. Namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, ikisomwa pamoja na katalogi, inakuambia unashughulika na injini ya aina gani kabla hujatoa hata shilingi. Fundi anayekadiria kwa macho anabahatisha, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi.

Tatizo lao ni kwamba namba inaeleza kilichotoka kiwandani, haielezi kilichobaki leo. Injini ya umri huo imeshashushwa, pengine zaidi ya mara moja. Silinda zimepanuliwa, krenki imechongwa. Ndiyo maana pistoni zake huuzwa kwa saizi zilizozidi kwa sehemu 20 au 40 za elfu moja za inchi, na beringi kwa saizi za krenki iliyopunguzwa. Ukiagiza pistoni ya saizi ya kwanza kwa kufuata katalogi, ikaja kwenye boksi la kampuni yenyewe ikiwa na kila muhuri, bado itacheza ndani ya silinda iliyokwisha kupanuliwa. Hilo huamuliwa na mikromita, kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana, na gereji nyingi ninazozijua huipa kazi hiyo karakana ya kuchonga krenki. Ni sawa, ila pima kwanza, ununue baadaye. Wengi hufanya kinyume kwa sababu spea imepatikana kwa bei nzuri.

Suala la injini na chasisi kutoka kiwandani pamoja nalo linahitaji utulivu. Marekani, kwa magari kama Chevrolet Corvette, bei hupanda sana namba zikilingana, na tamaa hiyo imezaa matapeli wanaosaga namba ya bloku na kugonga nyingine. Kwetu namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kuigusa ni kujitafutia kesi. Halafu Land Rover nyingi za Kenya ziliunganishwa Thika kutokana na vipande vilivyoletwa kwenye makasha. Ya Thika ni halisi kwa historia yake, na sioni sababu ya mwenye nayo kuionea haya mbele ya iliyounganishwa Uingereza.

Kwenye kabureta naegemea kambi ya pili bila aibu. Zenith 36 IV ndiyo sahihi kwa nyingi za mwisho wa miaka ya 1960 na kuendelea, lakini uso wake hupinda kwa joto, hewa ikaanza kupenya na sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikakosa utulivu. Wengi hufunga Weber 34 ICH na kusahau shida. Bolti mbili tu; ile Zenith iwekwe kabatini, siku ya maonyesho irudishwe. Vivyo hivyo siti za valvu: petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia 2006, na hedi nyingi za enzi hizo zilitegemea risasi hiyo kulinda siti. Kuweka siti ngumu kunaondoa uhalisi ambao hakuna atakayeuona.

Injini ya beringi tano kwenye Series IIA je? Inakaa palepale, gia boksi ileile, na inadumu zaidi. Mimi naikubali, mradi kadi ibadilishwe na mnunuzi wa kesho aambiwe. Dizeli ya Toyota nayo ni uamuzi wa busara kwa gari la kubeba mkaa au watalii, na zipo nyingi barabarani zinazofanya kazi vizuri. Ila gari hilo lisiuzwe kwa bei ya lililofufuliwa.