Utamu Uko Kwenye Jalada

Kwa wauza vitabu vya mitumba wa Posta, Dar es Salaam, riwaya za polisi hazikosekani: kava jeusi, taa ya king'ora, kurasa mia nne. Wanaozipenda wanasema zinafundisha sheria na subira. Wanaozikataa wanasema ni kumpaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa, maana humo kila kesi hufumbuliwa na kila askari ana machungu na marehemu. Pande zote mbili zinamkodolea macho mpelelezi. Kitu cha kutazama ni jalada la kesi: nani alichukua maelezo, saa ngapi, na kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, kilipita mikononi mwa nani.

Si kila riwaya ya upelelezi ni ya polisi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyemjua tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, ni raia mwenye akili kali. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi. Joram Kiango wa Ben Mtobwa anajitegemea. Hakuna kati yao anayelala na kiporo cha fomu za kujaza. Riwaya ya polisi ni nyingine. Ed McBain wa Marekani alianza mwaka 1956 mfululizo ambao shujaa wake ni kituo kizima, na huko Sweden Maj Sjöwall na Per Wahlöö waliandika riwaya kumi kati ya 1965 na 1975, wakiwatumia polisi haohao kuisema serikali yao. Kwa hiyo anayedai kwamba aina hii ni tarumbeta ya polisi hajazisoma hizo. Katika ya kwanza ya Wasweden hao, wapelelezi wanakaa muda mrefu hawajui hata jina la marehemu. Wakishalijua, wanaanza kukusanya picha walizopiga abiria wa meli ya watalii. Ukihadithiwa, inachosha. Ukiisoma kwenye daladala, unapitilizwa kituo.

Inanoga kwa sababu ya vikwazo, na vikwazo hivyo tunavyo hapa tele. Kwa sheria yetu, mtuhumiwa akishashikiliwa, polisi wana muda wa msingi wa saa nne kumhoji. Muda huo unaweza kuongezwa, ila kwa utaratibu wake. Maelezo ya onyo, yale anayoyatoa mtuhumiwa akiwa ameonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yakichukuliwa kesho yake bila nyongeza hiyo, yanaweza kuondolewa kwenye ushahidi, na Mahakama ya Rufani imeshayaondoa katika kesi kadhaa. Mwandishi anayelijua hili hahitaji bomu ili msomaji aanze kutazama saa. Upekuzi nao: hati hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu usiku. Kilichokamatwa kinatolewa stakabadhi, na saini za mwenye nyumba na mashahidi zinahitajika, ndiyo maana mjumbe au mwenyekiti wa mtaa huitwa. Kisha kielelezo kinatoka kwa mkamataji kwenda kwa mtunza vielelezo, kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kurudi. Kila makabidhiano yanatakiwa yaonekane kwenye karatasi. Kete za dawa za kulevya zikiwa 50 kituoni na 48 maabara, wakili wa utetezi anaweza kwenda kunywa chai.

Au chukua shahidi wa usiku. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani inataka yaulizwe mambo ya wazi kabla ya kumwamini: alimtazama mtu huyo kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwa wa namna gani, na je, alimfahamu kabla? Jaribu maswali hayo kwenye riwaya yoyote ambayo dada wa jirani "alimwona vizuri" muuaji akiruka ukuta. Nyingi zinaanguka hapo hapo.

Kwenye chumba cha mahojiano, hata hivyo, wapinzani wana haki. Mpelelezi anagonga meza, mtuhumiwa analia, anakiri, kitabu kimekwisha. Msomaji aliyelishwa vitabu ishirini vya hivyo huzoea kuona wakili ni kero na ukimya ni dalili ya hatia. Mahakamani kwetu, mshtakiwa akidai Mahakama Kuu kwamba alikiri kwa kipigo, inazaliwa kesi ndani ya kesi, na ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba alikiri kwa hiari. Riwaya inayofunga pazia kwenye kukiri imeishia njiani, na zaidi ya hapo imemfundisha msomaji vibaya.

Shutuma nyingine, kwamba vitabu vya nje vinatuchanganya, ina ukweli nusu. Haki ya kutojibu maswali ipo hapa pia, lakini yale maneno yanayokaririwa mtu akifungwa pingu yametokana na hukumu ya Marekani ya 1966. Zile saa 24 za kumshikilia mtuhumiwa bila kumfungulia mashtaka, zinazoweza kufika 96, ni za Uingereza. Anayeyachanganya yote na kwenda nayo kaunta ya kituo, shauri yake. Linalochekesha zaidi ni daktari wa maiti. Vitabuni anapima joto la mwili na kukadiria limeshuka takriban digrii moja kwa saa. Hesabu hiyo ni ya nchi za baridi. Mwili ulio hai una digrii 37. Chumba cha Manzese chenye bati, Februari, kinaweza kukaribia hapo mchana. Joto halina pa kushukia, na mwili unakakamaa na kulegea mapema kuliko kitabu kinavyosema. Mwandishi wa hapa akinakili kanuni hiyo, amekosea saa ya kifo, na pengine amemfunga asiyehusika.

Shutuma nzito kuliko zote haihusu polisi: ni maiti ya mwanamke kijana kwenye ukurasa wa tatu, iliyoelezwa kwa starehe. Utaratibu hausafishi hilo. Kipimo changu ni kama marehemu anapata maisha kadiri jalada linavyonenepa, kama wale Wasweden walivyofanya, au anabaki mwili tu hadi mwisho. Akibaki mwili, ninakifunga kitabu.

Kwa Kiswahili, riwaya ya namna hii bado ina nafasi kubwa, na malighafi iko mitaani. London wana kamera kila kona. Sisi tuna kijiwe cha bodaboda, wakala wa miamala na daftari lake, na laini zilizosajiliwa kwa alama za vidole. Mpelelezi wa kitabuni anafuata namba iliyotumika siku ya mauaji, anampata mwenye kidole, anamvunjia mlango Mbagala. Anamkuta mama muuza vitumbua, ambaye siku anasajili laini yake aliambiwa na kijana wa mwavuli arudie kubonyeza kidole, eti mtandao unasumbua.