Pale kwa sheha, na tarehe iandikwe

Kakaangu alivunjika mguu wa kulia barabara ya Wete kwenda Konde, kwetu Pemba, gari ya abiria ilipomfuata pembeni akiwa na baskeli yake. Miezi minane baadaye mimi nikagongwa kwenye kivuko cha miguu mjini Leicester, Uingereza, nikavunjika bega. Sote wawili tuliahidiwa fidia. Yangu imeshaingia benki. Yake yeye, aliyeumia mwanzo, haijamalizika mpaka leo, na hilo linaniuma kuliko bega.

Huku mambo yalikwenda kwa barua. Bima ya dereva ikakubali kosa, wakili wangu akavutana nao mpaka tukapatana. Kwa utaratibu tuliopatana nao, pesa hutakiwa kulipwa ndani ya siku 14 tangu ofa ikubaliwe. Siku 14 zikapita kimya. Kumbe kabla ya kulipa, bima lazima iwe na cheti cha serikali kinachoonyesha posho alizopokea majeruhi kwa sababu ya ajali ile, maana serikali hurejeshewa posho hizo, na cheti walichokuwa nacho kilikwisha muda wake. Wakili akawaandikia kwamba siku zimepita na tunayo haki ya kuomba hukumu mahakamani. Siku ya 31 pesa zikafika kwake. Akatoa ujira wake wa kushinda, ambao sheria haimruhusu uvuke asilimia 25 ya fidia ya maumivu na ya hasara zilizokwishapita, kisha akaniletea zangu.

Sisemi Uingereza ni pepo. Wiki zile nilikaa chumbani mkono umefungwa shingoni, na hakuna barua iliyouliza kama nimekula. Waliouliza ni Wapemba wenzangu; mmoja alinipisha zamu yake ya kibati, ule mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, nikalipa kodi ya nyumba.

Kwa kaka, watu hawakukosekana. Mke wa dereva alikuja hospitali asubuhi na jioni, na supu ya changu na mkate wa kumimina. Wazee wa pande mbili wakakutana barazani kwa sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani, wakasema sisi ni wamoja, yasifike mbali. Dereva akaomba radhi huku analia. Zikakubaliwa shilingi 1,500,000, bima ya gari haikuguswa, ikasomwa Fatiha. Niliposimuliwa kwenye simu nililia na mimi, kwani aliyenigonga huku sijauona uso wake tena.

Lakini pale barazani hakuna aliyeuliza: zitalipwa lini?

Zilitolewa 400,000 siku ile. Baada ya miezi mitatu 150,000, kisha 200,000, kisha laki moja baada ya kaka kwenda mwenyewe kwa magongo. Msimu wa karafuu ukaingia ukatoka, naye hawezi kupanda mkarafuu. Kila akitaka kudai, ami humwambia, "Usimtie mwenzio aibu, wale walikuuguza." Supu ile aliyoletewa kwa moyo safi sasa inamziba mdomo. Hapo ndipo ninapotofautiana na wazee wangu, kwa heshima zote.

Tarehe si jambo la Kizungu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, tuliyofundishwa chuoni tukiwa wadogo, inatuamrisha tukikopeshana deni kwa muda maalumu tuliandike. Na Mtume (S.A.W.) amesema mwenye uwezo kuchelewesha kulipa ni dhulma. Ikiwa dereva hana, na kwa kweli hana, yagawanywe mafungu madogo, kila fungu na tarehe yake, sheha atie muhuri. Mwenye gari naye anajificha nyuma ya dereva. Gari ile inabeba abiria kila siku, nauli anapokea yeye, na siku ya suluhu hakuwepo barazani. Kwa nini hakuitwa? Na bima, inayokatwa kwa ajili ya siku kama ile, kwa nini tuione kama kumshitaki mtu?

Zimebaki laki sita na nusu. Juzi nilimpigia kaka, nikamsihi arudi kwa sheha, na safari hii mwenye gari aitwe na daftari lifunguliwe. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia atangoja kwanza ipite harusi ya binti wa dereva, maana amealikwa.