Chemshabongo, Drafti na Mashine ya Presha

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, saa nne asubuhi haikosi kukuta ubao wa drafti chini ya mti, vifuniko vya soda vikiwa ndiyo kete, na wastaafu wanne au watano wakibishana juu yake. Waulize mbona hawachoki. Mmoja atakujibu kwamba ubongo usiofanyishwa kazi huoza. Kauli hiyo utaisikia pia kanisani na katika vikundi vya WhatsApp vya familia. Ina ukweli ndani yake, ila mwembamba kuliko unavyotangazwa.

Wanaoitetea wana hoja. Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, wengi waliacha kumcheka mzee anayeshika kalamu. Mtu mmoja si ushahidi, lakini ushahidi upo. Mwaka 2024 jopo la jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakirekebishwa yote, huenda yakazuia au kuchelewesha takriban asilimia 45 ya visa vya dimenshia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na akili uzeeni. Elimu duni ya utotoni ni mojawapo. Kinga inayotokana na elimu wataalamu huiita akiba ya ubongo. Dereva wa matatu anayezijua njia za ndani za Buruburu hakwami Jogoo Road ikifunga. Vivyo hivyo ubongo uliojijengea njia nyingi huuzunguka uharibifu. Angalia lakini: msongamano haujaondoka. Ugonjwa unaendelea kula chini kwa chini, na siku dalili zinapomtokea msomi, mara nyingi huporomoka haraka kuliko wengine. Familia hushangaa, "juzi tu alikuwa anatusomea gazeti."

Sasa hoja za upande wa pili. Takwimu nyingi zinazosifu chemshabongo za magazetini zinatokana na kuwatazama watu tu, na hapo sababu na matokeo hubadilishana nafasi kirahisi. Dimenshia huanza ndani ya ubongo miaka mingi kabla ya kugunduliwa. Utafiti wa Whitehall II wa Uingereza, uliofuatilia zaidi ya watu 10,000, ulionyesha mwaka 2017 kwamba waliopata ugonjwa walianza kupunguza mazoezi ya mwili takriban miaka 9 kabla ya kupimwa. Je, waliugua kwa sababu walikaa, au walikaa kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshaanza? Swali hilohilo linamhusu mzee aliyeacha kusoma.

Majaribio yenyewe yana funzo lisilopendeza. Katika ACTIVE, jaribio la Marekani lenye washiriki 2,832, waliofundishwa kukumbuka walifaidika katika kukumbuka, si katika kufikiri wala wepesi wa akili. Unachokizoeza ndicho kinachonoleka. Kampuni iliyouza michezo ya ubongo ya Lumosity ilikubali mwaka 2016 kulipa dola milioni 2 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwamba iliwatangazia wateja faida zisizo na msingi. Na mzee wetu aliyecheza drafti na watu walewale miaka ishirini? Anapata kampani, jambo lenye thamani yake kubwa, lakini hajifunzi kitu.

Kwa maoni yangu, kujifunza kunakosaidia ni kule kunakochosha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliwapa wazee kazi ngeni, upigaji picha wa dijitali na ushonaji wa vitambaa vya viraka, takriban saa 15 kwa wiki kwa miezi mitatu. Kumbukumbu yao iliimarika kuliko ya waliokutana kupiga gumzo na kutembea tu. Chagua basi usichokijua kabisa. Shosho anayejifunza sauti ya tatu ya wimbo wa kwaya kwa sol-fa achukue mistari minne, dakika 45, siku tano kwa wiki. Afunge daftari aimbe bila kutazama, akosee, ndipo afungue. Arudie kesho, siku ya tatu, siku ya saba. Kosa la kawaida ni kuusoma ukurasa mara kumi kwa macho hadi uonekane unajulikana. Wimbo ukishakuwa rahisi, aongeze ugumu. Ni rahisi kukata tamaa mapema, kwa kuwa maendeleo hayaonekani.

Hata hivyo, shosho huyo akiwa na presha isiyotibiwa, kwaya haitamwokoa. Jaribio la SPRINT MIND la mwaka 2019 lililenga kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 badala ya chini ya 140, na upungufu mdogo wa akili ukapungua kwa asilimia 19. Kwa dimenshia yenyewe tofauti haikuthibitika. Shida huanzia kwenye kupima. Mtu amepanda ngazi kufika kwa kemisti, ni Julai, kitambaa cha mashine kinafungwa juu ya sweta, amekunja miguu anaongea. Hiyo si namba ya kutegemea. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono wazi usawa wa moyo, hajanywa chai kwa nusu saa. Apimwe mara mbili kwa dakika moja kati yake.

Masikio nayo hupuuzwa. Asiyesikia mwalimu hajifunzi, na polepole huacha hata kwenda barazani.

Mwisho kuna dhuluma ndani ya kauli ya "ubongo kuoza": humlaumu mgonjwa kwa uvivu ilhali huenda chanzo kinatibika. Metformin, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12, na upungufu huo unaweza kuvuruga kumbukumbu. Dawa za mzio zinazoleta usingizi nazo huivuruga. Ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu na tezi la shingo lisilofanya kazi sawasawa pia. Mzee akianza kusahau, apelekwe kliniki na mfuko wake wote wa dawa, zikiwemo za kemisti na za mitishamba. Kuchanganyikiwa kukija ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.